Waifai si bando: tuurudishe muziki nyumbani

Jumamosi ni siku ya kufua pale tunapoishi. Tupo wanne kwenye nyumba ya kupanga Changanyikeni, na desturi yetu ni moja: spika dirishani, maji kwenye ndoo, kila mtu na beseni lake. Jumamosi moja mwaka jana muziki ulikata katikati ya wimbo. Mwenzetu aliyekuwa anapiga kwa simu yake akaiangalia, akatikisa kichwa. Malipo yake ya mwezi ya programu ya muziki yalikuwa yameisha, bando nalo limekata, na bumu lilikuwa bado. Orodha yake ya nyimbo zaidi ya mia nne ilikuwepo pale pale kwenye kioo, majina yote yanasomeka, ila ukibonyeza hakuna kinachopiga.

"Si ulisema umezipakua?" nikamuuliza.

"Nilizipakua ndiyo. Wamezifunga."

Nilifua shuka zima nikiliwaza hilo neno. Nyimbo zimo ndani ya simu yako, zinakula nafasi ya simu yako, ulizishusha kwa bando lako, lakini ufunguo anao mtu mwingine. Siku usipolipa, anafunga. Wala hajavunja mkataba. Mkataba ndivyo ulivyo, sisi ndio hatukuusoma. Tulidhani tunanunua muziki kumbe tunaupanga, kama tunavyopanga chumba.

Hoja yangu katika makala hii ni fupi. Muziki tunaoupenda kweli tuuweke kwetu, na kwa mwanafunzi njia rahisi ya kufanya hivyo ni kompyuta ndogo ya mezani iliyokwishatumika. Nimeifanya, imenishinda mara mbili, ya tatu ikakubali, na sasa naongea kwa ushahidi.

Ofisi zinapobadilisha vifaa, zile kompyuta ndogo kama Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro huishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Kikasha chenyewe hakizidi ukubwa wa kamusi. Changu nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 220,000, nusu ikitoka kwenye bumu na nusu kwenye tuisheni ninayowafundisha madogo wa kidato cha pili. Kina RAM ya GB 8 na diski ya GB 500. Hakikuja na kioo, kibodi wala kipanya. Nilipofika nacho nyumbani wenzangu waliniuliza kama nimenunua dekoda.

Kioo niliazima siku mbili tu. Nikaweka Linux, nikaweka Navidrome, ambayo ni programu ya kuifanya kompyuta iwe seva ya muziki. Vyote viwili ni bure. Nikahamishia nyimbo zangu, nikaunganisha kikasha kwenye rauta kwa waya, nikarudisha kioo cha watu. Tangu hapo kimekaa juu ya kabati, hakina kelele, na mtu yeyote nyumbani akifungua kivinjari cha simu yake na kuandika anwani ya kile kikasha, anakuta nyimbo zote zimepangwa kwa msanii na albamu. Kila mmoja ana jina lake la kuingilia na orodha zake. Mimi nasikiliza dansi chumbani, mwingine yuko na Injili jikoni, na hakuna anayemkatia mwenzake.

Hapa ndipo washkaji wengi wanaponibishia. "Sasa bando la watu wanne unalipa wewe?" Halilipi mtu, kwa sababu halitumiki. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba waifai na intaneti ni kitu kimoja, na si kweli. Waifai ni njia ya ndani, kati ya kifaa na kifaa. Intaneti ni barabara ya nje ya geti. Geti likifungwa, bado unaweza kutoka chumbani kwenda jikoni. Rauta yetu kwa miezi mingi haina hata laini ndani yake. Simu inalalamika kwamba mtandao huu hauna intaneti na inakuuliza kama ubaki. Unaiambia ubaki, na muziki unapiga.

Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa kuhesabu hela. Wimbo unaopigwa mtandaoni kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde unakula MB 72 kwa saa. Saa tatu kwa siku, siku 30, ni karibu GB 6 na nusu kwa mtu mmoja. Tukiwa wanne ni GB 26 kwa mwezi, na sehemu kubwa ni nyimbo zile zile tulizozisikiliza mwezi uliopita. Kwa upande wa pili, wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kiwango cha juu ni kama MB 10, kwa hiyo diski ya GB 500 inabeba nyimbo zaidi ya 40,000 na bado nafasi inabaki. Umeme je? Kompyuta ya aina hii ikiwa imetulia inatumia wati 10 hivi. Iwashe usiku na mchana mwezi mzima, ni uniti saba na kidogo. Kwa bei tunayonunulia sisi, haifiki shilingi 3,000, tukigawana wanne ni pungufu ya nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Lakini nisiwadanganye. Kama shida ingekuwa hela peke yake, nisingeandika makala. Kilichonifanya niandike ni kaseti.

Mama yangu yuko Muheza. Zamani aliimba kwaya, na mwaka 1998 kwaya yao ilirekodi kaseti moja, wakauza wenyewe nje ya kanisa baada ya ibada. Nakala hazikuwa nyingi. Ya kwetu nimeikuta kwenye boksi la viatu, imeanza kuota ukungu pembeni, na redio kaseti ya nyumbani ilikufa kabla sijaanza sekondari. Ina maana mama alikuwa na sauti yake mwenyewe ndani ya boksi kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuisikiliza.

Niliazima redio kaseti kwa mzee mmoja jirani yetu, nikatoa waya kwenye tundu la spika za masikioni nikauingiza kwenye tundu la sauti la kompyuta, nikarekodi kwa Audacity, programu nyingine ya bure. Kaseti haina haraka. Ya dakika 60 inachukua dakika 60, na huwezi kuiharakisha bila kuiharibu. Ukisikia redio inakokota, unasimamisha na kufuta kichwa chake kwa pamba na spiriti, unaanza tena. Upande wa pili, wimbo wa tatu, ubeti wa kwanza anaimba mtu mmoja. Nikampigia mama simu, nikaisogeza kwenye spika.

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Huyo si mimi, mwanangu. Huyo ni mtoto."

Alikuwa na miaka 24. Miwili zaidi yangu.

Sasa niambieni, wimbo ule uko kwenye programu gani ya muziki? Hakuna. Hakuna kampuni itakayokuja Muheza kuutafuta, na siilaumu, kwa sababu hautaiingizia chochote. Nchi hii ina mirundo ya sauti za namna hiyo: kwaya, ngoma, taarabu za harusini, mawaidha, hadithi za bibi. Hata kwa miziki mikubwa hali si nzuri sana. Bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Baadhi ya nyimbo hizo utazikuta mtandaoni, tena nyingine zimewekwa na mtu binafsi kutoka kaseti yake mwenyewe iliyochakaa. Yaani mkombozi wetu ni mtu asiyejulikana aliyejali kaseti yake. Kwa nini asiwe wewe?

Najua maswali yanayokuja. La kwanza: si bora flashi tu? Flashi ni nzuri kwa kubebea, lakini ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na sote tunajua flashi zinavyopotea na zinavyoambukizana virusi kwenye stationari. Simu nazo zinaibiwa. Ila nikiri kosa langu hapa. Mwezi wa pili nilifuta folda ya nyimbo za mwenzangu nikidhani ni marudio. Zilikuwa nyimbo kama 300, nyingine hakuwa nazo popote. Hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki. Tangu siku ile kuna diski ya nje ambayo kila Jumapili jioni inachukua nakala, kisha inachomolewa na kuwekwa mbali na kompyuta. Kitu chenye nakala moja hesabu kwamba huna.

La pili: umeme ukikatika? Rauta na kikasha vyote vinazima, huo ndio ukweli. Kuna mpangilio ndani ya kompyuta unaoiambia ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Uwekeni siku ile ile ya kwanza. Na kwa siku za giza, kila mtu ahifadhi nyimbo chache kwenye simu yake, safari hii bila mtu wa kuzifunga.

La tatu ndilo zito: je, hii si njia nyingine ya kuwaibia wasanii? Nimelifikiria sana. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tuna COSOTA, na bado flashi yangu ya kwanza nilijaziwa nyimbo kibandani kwa buku, na msanii hakupata hata shilingi. Baadhi ya nyimbo hizo bado ziko kwenye kikasha. Ningesema nimezifuta zote ningekuwa naongopa. Nilichoamua ni hiki: kuanzia sasa kinachoingia kiwe kimenunuliwa, kimetolewa bure na mwenyewe, au ni kaseti na CD za nyumbani kwetu. Seva yetu haionekani nje ya nyumba na haitaonekana. Na anayedhani programu za kulipia ndizo zinamlisha msanii, ajue kwamba malipo ya wimbo kusikilizwa mara moja ni sehemu ndogo tu ya senti ya dola. Ukimpenda msanii, nenda kwenye onyesho lake ukalipe getini.

Sasa niseme na serikali yetu ya wanafunzi, maana gazeti hili ni lao pia.

Kila mwaka wenzetu wanaosoma Kiswahili wanatumwa mitaani na vijijini kukusanya fasihi simulizi. Wanarekodi nyimbo za kazi, za jando, bembelezi, majigambo. Wanaandika ripoti, wanapata maksi, na zile rekodi zinabaki kwenye simu mpaka simu iibiwe au ijae. Mimi mwenyewe nilirekodi bibi wawili mwaka wa kwanza. Simu ile sinayo leo, wala zile sauti. Nilipokwenda TP, nilifundisha fasihi simulizi kwenye shule isiyo na intaneti, kwa kuandika maneno ya wimbo ubaoni. Watoto waliyanakili vizuri kabisa, kisha mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, unaimbwaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nafundisha wimbo kwa chaki.

Ombi langu ni kikasha kimoja. Kiwekwe kwenye ofisi ya serikali ya wanafunzi, kiunganishwe na rauta moja isiyohitaji bando. Ndani yake ziingie rekodi za mazoezi ya uwandani, za kwaya na vikundi vya ngoma vya chuo, za usiku wa mashairi, kila moja ikiwa na jina la aliyeimba, mahali, mwaka, na ridhaa yake iliyoandikwa. Mwanafunzi anayekwenda TP apite pale na diski yake, achukue anachohitaji kwa darasa lake. Haizidi laki nne ukijumlisha diski ya nakala. Tumewahi kukusanya zaidi ya hapo kwa fulana za uchaguzi.

Wakikataa, nitaelewa, bajeti ni bajeti. Lakini wewe unayesoma, likizo ijayo ukifika nyumbani fungua lile boksi la chini ya kitanda. Uliza redio kaseti iko kwa nani mtaani, na uanze na kaseti ambayo mama au baba anaipita bila kuigusa.

Ya kwetu sasa ipo juu ya kabati Changanyikeni, na Jumamosi tunafua nayo. Wenzangu watatu wameshaujua ubeti wa mama kwa moyo, na mmoja wao wala si Mkristo.