Moto ukiwaka, nani atamfungulia mbuzi?

Mzazi anayewafundisha watoto wake kukimbia moto kwa kawaida hufundisha jambo moja: tokeni nje. Mtoto anasikia, anatoka, anahesabiwa. Halafu anakumbuka kwamba mbuzi wake amefungwa nyuma ya jiko, au paka ana watoto chini ya kitanda cha bibi. Wakubwa wakigeuka, hayupo. Hapo ndipo usalama wa mifugo unapokuwa suala la afya ya familia nzima.

Kilwa Kisiwani ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa makini. Wageni huenda kuona magofu ya mawe, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini nyumba nyingi wanamoishi wenyeji ni za miti na udongo, na paa la makuti si jambo geni. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, naye alisimulia mji wa nyumba za miti zilizoezekwa kwa majani. Makuti makavu yakishika moto hayangoji mtu. Upepo hurusha cheche hadi paa la jirani, na makuti yanayowaka hudondoka ndani, juu ya chochote kilichofungwa au kufunikwa. Namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ipigwe, lakini kisiwa hakina daraja na gari la zimamoto haliogelei. Wa kwanza kuzima ni majirani wenye ndoo na mchanga.

Kuku ndio hulala karibu zaidi na moto. Kwa kuogopa wezi na vicheche, familia nyingi huwalaza jikoni chini ya tenga, hatua mbili kutoka kwenye mafiga yenye makaa yaliyofukiwa majivu. Tenga lisogezwe upande wa mlango, na koroboi itundikwe ukutani mbali na makuti, isikae chini ambako kuku au paka anaweza kuiangusha.

Anayelea vifaranga bila mama yao huongeza hatari nyingine: chungu cha mkaa katikati ya maranda. Maranda hushika moto upesi kuliko kuni. Chungu kikae juu ya matofali, kizungushiwe wavu wa waya, na sakafu inayokizunguka iwe ya mchanga mtupu.

Tena kisiwekwe katika chumba anacholala mtu. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wadogo kwenye vizimba, desturi iliyoachwa mwaka 1986, kwa sababu ndege huzidiwa na hewa hiyo kabla ya binadamu. Vifaranga wakikutwa wamekufa asubuhi, na chungu bado kina moto, ni rahisi kusingizia kideri. Lakini kama na watoto wa nyumba hiyo wameamka wakiumwa kichwa na kutaka kutapika, watolewe nje papo hapo na wapelekwe zahanati.

Kwa mbuzi, tatizo ni kamba. Fundo lililokazwa na mbuzi mwenye hofu halifunguki kwa mikono inayotetemeka. Hapa watu wa kisiwani wana bahati, maana nyumba yenye mvuvi haikosi mtu anayejua fundo linaloachia kwa kuvuta ncha moja. Awafundishe wengine. Kamba ya katani ni bora kuliko ya nailoni, kwani nailoni ikipata moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Banda likifungwa kwa kufuli, ufunguo uwe na mahali pake panapojulikana na watu wazima wote. Mbuzi akishatolewa afungwe mbali, upande upepo unakotokea. Akiachwa huru, hofu inaweza kumrudisha bandani, mahali alipopazoea.

Paka haokolewi kwa kukimbizwa. Ukimkimbiza atajibanza pembeni zaidi. Mlango uachwe wazi, aitwe kutoka nje.

Yote haya hayatasaidia kama mtoto hajaambiwa, kabla ya siku ya moto, ni nani atafungua banda. Ajue ni baba, au mjomba, na kwamba hata huyo ataligusa tu ikiwa moto haujalifikia. Kumwambia mtoto "ni mbuzi tu" hakufai. Yeye anajua kwamba mbuzi huyo ni sare za shule au dawa za bibi, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayetamani kurudi ndani. Afadhali kusema wazi nyumbani: banda likishika moto, mbuzi ameshakwenda, na hakuna atakayelaumiwa.

Mtu akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala ute wa yai. Kisha zahanati, hospitali ya wilaya ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, na kuna bahari ya kuvuka kwanza, kwa hiyo boti itafutwe mapema. Mnyama naye apozwe kwa maji, ila kifaranga au mtoto wa paka asilowanishwe mwili mzima, atapata baridi. Aliyevuta moshi anaweza kuonekana mzima leo na kuzidiwa kesho. Akikohoa, akitoa povu au akihema mdomo wazi, aitwe bwana mifugo, naye ndiye wa kuulizwa kama aliyeungua sana atibiwe au achinjwe. Aliyekwisha kufa kwa moshi ni kibudu, azikwe, hata kama nyama yake inaonekana haina kasoro.