Je, Floribert Alifaulu?

Sisi wanafunzi wa Manguredjipa twayajua kwa moyo maneno matatu ya taifa letu: Haki, Amani, Kazi. Lakini tukiulizana sababu ya kusoma, wengi hujibu upesi: fedha.

Floribert Bwana Chui naye alisoma, tena sheria, akapata kazi njema Goma ya kukagua vyakula. Wakamletea hongo apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, maana kingedhuru watu. Julai 2007 alitekwa akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Mwaka 2024 wengi wetu tulikimbilia Butembo mikono mitupu, tukala chakula cha wenyeji wetu. (Hakuna aliyekikagua!) Basi darasani tukaulizana: huyu alifaulu, ama alishindwa? Tulibishana hata kengele ikalia.