Alamu ya pikipiki ya bei rahisi: ifunge, lakini ongea na jirani kwanza

Hapa umezoea mbegu, mbolea na viwavijeshi. Leo ni pikipiki, na sidhani kama nimetoka nje ya kazi yangu. Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022, ni kwa sababu bila chombo afisa hafiki shambani. Wewe pia ni hivyo hivyo. Kahawa ya milimani Tarime, maziwa ya asubuhi, mfuko wa mbolea, mgonjwa wa usiku anayekimbizwa Mugumu, vyote vinapanda pikipiki. Ikiibiwa, na shamba linasimama.

Kwa kijana wa mkataba ni mbaya zaidi. Chombo kimekwenda, lakini tajiri bado anataka hesabu yake mpaka mkataba uishe. Nimeona familia ikiuza ng'ombe wa maziwa ili kumalizia deni la pikipiki ambayo haipo. Na ile bima ndogo tunayokata wengi wetu hailipi chombo kikiibiwa.

Msimamo wangu ni huu: funga alamu, tena hiyo hiyo ya bei rahisi inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Ni kiboksi kidogo, king'ora chake na rimoti mbili, na haizidi bei ya gunia la mahindi. Wapo watakaokuambia usubiri hadi upate hela ya GPS ya kufuatilia chombo kwenye simu. Ni kifaa kizuri, sikatai. Ila kinataka laini yenye bando na kinataka mtandao, na kazi yake inaanza pikipiki ikiwa imeshaondoka. Sisi tuko jirani na mpaka. Ukitoka Sirari, hatua chache tu uko Isebania, Kenya, na chombo kikishavuka kukirudisha ni safari ndefu ya karatasi na nauli. Alamu inakuamsha pikipiki ikiwa bado uani. Hiyo ndiyo kazi yake, usiitarajie zaidi ya hapo.

Kuifunga si kazi ngumu, ila simama pale fundi anapofanya. Fungua betri kwanza, ukianza na waya wa hasi. Waya mwekundu wa alamu unakwenda chanya ya betri kupitia fyuzi, mweusi unakwenda hasi. Mbili zinakwenda kwenye indiketa, kulia na kushoto, ili taa ziwake inapolia. Mmoja unaungwa kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa, ili mtu akichezea swichi alamu ijue. Rangi hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine, kwa hiyo soma karatasi iliyomo kwenye boksi, na fundi apime kwa taa badala ya kubahatisha. Kiboksi kikae chini ya siti au ndani ya kava la pembeni, mbali na ekzosi. King'ora kitazame chini, maji yasiingie. Maungio yachomwe kwa risasi, kisha yafungwe selotepu. Ya kusokota tu kwa vidole yanaota kutu masika moja, halafu unasema alamu za Kichina ni mbovu.

Kuna waya mmoja ambao mimi nakushauri uuache: ule wa kuzima injini. Muuzaji atausifu sana. Lakini alamu hizi ni za bei ndogo, na kifaa chake cha kukata moto ni cha bei ndogo pia. Kikifa, au rimoti ikibonyezwa mfukoni, injini inazimika ukiwa mwendoni. Fikiria umebeba mama na mtoto, lori liko nyuma yako kwenye barabara kuu ya Sirari kwenda Mwanza. Afadhali mwizi awashe injini huku king'ora kinalia kuliko wewe uzimikiwe hapo.

Betri nayo uifanyie hesabu. Alamu ikinywa miliampea 5 tu, kwa wiki moja imekunywa karibu ampea-saa 0.8, na betri ya pikipiki ni ndogo. Kama chombo kinakaa siku nyingi bila kutembea, kiwashe kila baada ya siku mbili tatu. Betri ikifa alamu inanyamaza, na hutajua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko waya zote. Alamu yangu ya kwanza fundi aliiacha kwenye kiwango cha juu kabisa cha kuhisi mtikisiko. Wiki ya kwanza iliamshwa na mbuzi aliyejikuna kwenye tairi, kisha upepo, kisha mvua, kisha lori lililopita. Usiku wa kwanza majirani walitoka na tochi na marungu. Usiku wa pili walitoka wawili. Usiku wa nne hakutoka mtu, na nadhani hata mimi nilijigeuza tu upande wa pili. Pikipiki yangu ilikuwa na alamu na haikuwa na mlinzi.

Huku kwetu hatukuanza jana kuamka usiku. Wizi wa ng'ombe umetufundisha kwamba yowe likipigwa, kila mwanaume anatoka, na sungusungu wanajua njia za kuziba. Alamu ni yowe la umeme. Ukilipiga bure mara tatu, la nne ni lako peke yako. Kwa hiyo mwambie fundi apunguze kiwango mpaka ilie mtu anapoinyanyua au kuisukuma, siyo kuku anapoiparamia. Jaribuni pale pale gereji. Na iegeshe ukutani mbali na mifugo, usukani umefungwa.

Halafu ongea na majirani, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tunajua kinachotokea neno "mwizi" likitamkwa gizani. Anayeshika pikipiki yako saa nane usiku anaweza kuwa mwizi kweli. Anaweza pia kuwa mlevi aliyekosea boma, au mpwa wako aliyetumwa kumfuata mkunga na hakutaka kukuamsha. Akishapigwa hakuna atakayeuliza tena. Kubalianeni kwenye mkutano wa kitongoji: anayetoka kwanza amulike uso na kuita jina, wengine wazibe njia, aliyekamatwa ashikwe bila kupigwa, mwenyekiti apigiwe simu, kisha polisi. Pikipiki ya milioni mbili na nusu haifanani na mtoto wa mtu, hata akiwa mwizi.

Picha ya kadi, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini zikae kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani. Polisi watazihitaji ukienda kuandikisha RB.

Ukishafunga, zunguka kwa majirani kabla giza halijaingia, waambie utaipiga mara moja ili waijue sauti yake. Yangu inalia kama gari la wagonjwa. Ya mwalimu wa nyumba ya pili inalia kama ndege aliyekabwa. Tukisikia, tunajua tukimbilie kwa nani.