Mipaka ya Kura Si Mambo ya Mabwana Tu

Ndugu wafanya kazi,

Wiki mbili zilizopita, wakati wa chai ya saa nne, tulimsikia mwenzetu mmoja akisema kwa sauti kubwa, "Habari za mipaka ya matawi zatuhusu nini? Sisi twataka nyongeza ya mshahara." Wengi walicheka, na wengine wakapiga makofi. Sisi hatukucheka. Twamjibu hapa kwa karatasi, ili asome yeye na wote waliopiga makofi. Madai ya mshahara hupigiwa kura na wajumbe. Wajumbe hutoka katika matawi. Na tawi ni mpaka uliochorwa na mtu. Mwenye kisu ndiye mla nyama. Kama hujui kisu ki mkononi mwa nani, usilalamike ukipewa mfupa.

Ili tusidhaniwe twabuni maneno, tutaeleza habari za Uingereza. Nchi hiyo tumeichagua kwa makusudi. Shuleni kwa misheni tulifundishwa ya kwamba Bunge la Waingereza ni mama wa mabunge yote. Tulikariri majina ya wafalme wao, lakini hatukuambiwa jinsi mama huyo alivyowagawia watoto wake chakula.

Mwaka wa 1265 Simon de Montfort aliita baraza, akataka watu wawili kutoka kila wilaya na wawili kutoka miji. Desturi hiyo ya wawili wawili ikashika. Mwanzo haikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba watu huhama, bali mpaka haujui kutembea. Miji mingine ilikufa, mingine ikazaliwa, na viti vikabaki pale pale kwa mamia ya miaka.

Palikuwa na mahali paitwapo Old Sarum, karibu na mji wa Salisbury. Watu walikwisha hama zamani, pakabaki kilima na majani. Kilima hicho kilipeleka wabunge wawili mpaka mwaka wa 1832. Mji wa Dunwich uliliwa na bahari, nyumba kwa nyumba, nao uliendelea kupeleka wabunge wawili. Wilaya ya Cornwall peke yake ilikuwa na wabunge 44 mpaka mwaka wa 1821. Wakati huo huo Manchester, mji wa viwanda vya pamba wenye watu zaidi ya 100,000, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Birmingham, Leeds na Sheffield vivyo hivyo. Mahali pa majani palisema Bungeni, na mahali pa kazi palinyamaza.

Je, nani alipata faida? Mwenye ardhi. Yeye ndiye aliyeamua nani apige kura katika vijiji hivyo, na kiti aliweza kukiuza kama ng'ombe. Old Sarum ilinunuliwa na ukoo wa Pitt, na kijana wao William Pitt akaingia Bungeni kwa mlango huo mwaka wa 1735. Baadaye akawa mkubwa wa Serikali. Tena kura ilipigwa waziwazi, mbele ya watu. Mpangaji aliyekwenda kinyume cha mwenye nyumba alijua atalala wapi usiku huo.

Wafanya kazi walipodai haki walijibiwa kwa panga. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapata 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter, Manchester, wanaume kwa wanawake, wengi wamevaa nguo zao za Jumapili. Askari wa farasi waliingizwa kati yao. Watu zaidi ya kumi waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Msemaji wao, Henry Hunt, akafungwa jela. Neno walilotaka lilikuwa ndogo: miji ya kazi nayo ihesabiwe.

Mwaka wa 1831 Baraza la Malodi lilikataa sheria ya kubadili viti, na ghasia zikawaka Nottingham, Derby na Bristol. Mwaka wa 1832 ndipo walipokubali. Miji midogo 56 ilinyang'anywa viti vyote, na Manchester na wenzake wakapewa. Lakini tazameni hila. Mjini kura alipewa mtu mwenye nyumba ya thamani ya paundi kumi kwa mwaka. Wafanya kazi walioandamana na kupigwa, walio wengi walibaki nje ya mlango. Kiti kilihamia mjini, ila kilikaliwa na mwenye kiwanda.

Hapo wafanya kazi walifanya jambo ambalo nasi twapaswa kuiga. Waliandika madai yao, moja mbili tatu mpaka sita. Mwaka wa 1838 yalitangazwa katika Hati ya Watu. Walitaka kura kwa kila mwanamume, kura ya siri, sehemu za uchaguzi zilizo sawa kwa watu, mbunge alipwe mshahara, mbunge asitakiwe kuwa na mali, na uchaguzi kila mwaka. Mwaka wa 1842 walipeleka Bungeni karatasi yenye sahihi zaidi ya milioni tatu. Bunge likaikataa. Watu walicheka, kama walivyocheka wenzetu penye chai. Lakini mwaka wa 1858 sharti la mali likaondolewa. Mwaka wa 1872 kura ikawa ya siri. Mwaka wa 1885 viti viligawanywa upya, sehemu nyingi zikawa za mbunge mmoja mmoja, na hesabu ya watu ikaanza kuheshimiwa. Mwaka wa 1911 wabunge wakalipwa. Mwaka wa 1918 kila mwanamume mwenye miaka 21 akapata kura. Wanawake wote wakalingana nao mwaka wa 1928. Katika madai sita, matano yametimia. Waliocheka wamesahauliwa.

Sasa twaja kwa watu wetu wa reli. Mwaka wa 1899 tawi moja la chama cha wafanya kazi wa reli, tawi la Doncaster, lilipeleka shauri kwamba vyama vyote viungane kupeleka watu wao Bungeni. Shauri lilipita katika mkutano wa vyama, na mwaka wa 1900 ikaundwa kamati ambayo baadaye ikawa chama cha Labour. Halafu kampuni ya reli ya Taff Vale ikakishtaki chama cha reli kwa sababu ya mgomo. Mwaka wa 1901 majaji wakubwa walisema chama kina deni, nacho kikalipishwa paundi 23,000. Maana yake, mkigoma, sanduku la chama huliwa na bwana. Mwaka wa 1906 wafanya kazi waliingiza watu 29 Bungeni, na mwaka huo huo sheria mpya ikafuta hukumu ile. Basi mwenzetu wa chai aseme tena kwamba viti na mishahara ni mambo mbalimbali! Kama viti vingekuwa vingali kule kwenye vilima na majani, wale 29 wangekaa wapi?

Hatutaki kuwadanganya kwamba wafanya kazi wakipata kisu hukata sawa siku zote. Mwaka wa 1944 Waingereza walifanya sheria ya kuweka tume za kudumu za mipaka, nne, kwa Uingereza yenyewe, Skotlandi, Wales na Ireland ya Kaskazini. Tume hizo zilipomaliza kazi yao mwaka wa 1969, Serikali ya Labour iliona mipaka mipya itawanyima viti. Waziri wao, James Callaghan, akaileta Bungeni kama sheria ilivyotaka, kisha akawaambia wabunge wake waikatae. Wakaikataa. Uchaguzi wa mwaka wa 1970 ukafanywa kwa mipaka ya zamani, na Labour wakashindwa vile vile. Chama cha wafanya kazi kilikosa haya, tena hakikupata faida. Twaandika jambo hili kwa kuwa viongozi wetu nao ni binadamu.

Tena wako watu wasioharibu hesabu kwa kusahau, bali kwa kupanga. Katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki walikuwa wengi. Mwaka wa 1936 kura za baraza la mji ziligawanywa mitaa mitatu. Wakatoliki wengi walisongamanishwa katika mtaa mmoja wenye viti 8. Mitaa miwili mingine ilikuwa na viti 8 na 4, vyote vikaenda kwa wale wachache. Nane kwa kumi na mbili, na baraza ndilo lililogawa nyumba. Mwaka wa 1968 watu waliandamana na polisi wakawapiga, na mwaka uliofuata baraza hilo likaondolewa. Mpaka mbaya haumalizikii kwenye karatasi.

Siku hizi kanuni yao ni ngumu zaidi. Mipaka iliyomalizika mwaka wa 2023, ikatumika katika uchaguzi wa mwaka wa 2024, ilitaka kila sehemu iwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062, isipokuwa sehemu tano za visiwa. Wabunge hawawezi tena kuikataa kazi ya tume. Hilo ni jema. Lakini waliohesabiwa ni walioandikishwa tu. Kijana anayehama vyumba vya kupanga, asiyeandikishwa, hakuhesabiwa. Aliyeachwa katika hesabu ameachwa katika kikao. Tena katika uchaguzi huo chama kilichopata kama kura 34 kwa kila mia kilichukua viti 411 kati ya 650. Mpaka ulio sawa ni mlango wa haki, si nyumba nzima.

Hapa Kenya tuliionja dawa hiyo. Mwaka wa 1957 Waafrika, mamilioni, walipewa viti 8 vya kuchaguliwa, na Wazungu wasiofika 100,000 walikuwa na viti 14. Tena Mwafrika mmoja hakuwa na kura, na mwingine alipewa mpaka tatu kwa sababu ya elimu na mali. Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanya kazi, aliingia kwa viti hivyo hivyo vichache na kuvikataa humo humo ndani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imeweka viti 290, na tume ya kutazama mipaka upya kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Nchi imejifunza. Je, chama chetu?

Matawi yetu yaliwekwa zamani za magari ya mvuke, wakati stesheni ndogo zilikuwa na watu wa kuchota maji na kupakia makaa. Maji hayachotwi tena, na watu wamekwenda. Lakini tawi liko, na lapeleka wajumbe wawili katika Mkutano Mkuu, sawa na karakana yenye mafundi mamia. Tawi lenye watu wanaoenea benchi moja lina sauti sawa na karakana nzima. Hiyo ndiyo Old Sarum yetu. Na wako mabwana wakubwa ndani ya chama wanaoipenda, kwa kuwa watu wanaoenea benchi moja waweza kununuliwa kwa chai.

Twajua ndugu zetu wa njiani wataogopa kumezwa na karakana. Hofu yao ni ya haki, na hata Waingereza wameviachia visiwa vyao viti. Mtu wa gengi aliye mbali na mji ana shida ambazo fundi hazijui. Basi hatutaki stesheni zifutwe. Twataka mambo manne, na tutayapeleka mbele ya Mkutano Mkuu:

1. Wajumbe wagawanywe kwa hesabu ya wanachama. Stesheni ndogo za njia moja ziunganishwe, na kila kundi liwe na mjumbe mmoja asiyeondolewa.

2. Vibarua nao wahesabiwe. Anayebeba chuma ni mfanya kazi, hata kama jina lake liko kwenye karatasi ya siku.

3. Mipaka ichorwe na kamati ya watu wasiogombea cheo chochote, na mchoro ubandikwe kila stesheni ili wanachama wapinge au wakubali kabla ya kupitishwa.

4. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya miaka mitano, bila kungoja ugomvi.

Mwenzetu wa chai, hatukuchukii. Mshahara unaoutaka nasi twautaka. Lakini njoo mkutanoni na hesabu ya watu wa tawi lako mkononi. Watu milioni tatu walitia sahihi wakachekwa, nao ndio walioshinda.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa karakana.