Kabla Hujatuma Stori Yako, Tafuta wa Kukaa Naye

Kila ikikaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, magrupu ya WhatsApp ya chuo yanajaa mabango yenye ujumbe uleule: "Vunja ukimya, tuandikie stori yako." Anayetuma bango ana nia njema, hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni kuhusu kinachofuata. Mwanachuo anakaa kitandani saa nane usiku, anamwaga yote yaliyompata mwaka wa kwanza, anabonyeza tuma. Wiki mbili baadaye anajikuta kwenye ukurasa wa jarida, jina kamili juu, picha pembeni. Kati ya kumwaga na kuchapishwa, hakuna hata mtu mmoja aliyekaa naye.

Hoja yangu ni hii: anayetaka kuandika hadharani kuhusu misukosuko ya akili yake apewe kocha wa uandishi, na jarida letu lisichapishe stori ya namna hiyo kabla mwandishi wake hajakaa na kocha. Kocha ninayemsema si daktari wala mshauri nasaha. Ni mtu anayejua kusoma maandishi kwa makini, anakaa na wewe mara tatu au nne, anakuuliza maswali, halafu kalamu anakuachia wewe.

Najua kuna watakaosema: kwani kumwaga ya moyoni nako kunataka kocha? Kumwaga hakutaki. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliambiwa waandike jambo lililowaumiza sana maishani, wengine waandike mambo ya kawaida tu. Walioandika tukio lenyewe pamoja na hisia zao walimaliza wakiwa na huzuni zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata hazikuleta jibu hilohilo kila mara, ila mpaka leo watu wanautaja ule wa kwanza wakikwambia "andika, utapona".

Wanachosahau kusema ni kwamba wale wanafunzi hawakuchapisha kitu. Hakuna aliyesomwa na darasa zima, hakuna aliyepigiwa simu na mjomba wake. Faida iliyoonekana pale ilitokana na kuandika tu. Daftari lako halihitaji ruhusa ya mtu yeyote, jaza mpaka liishe. Ukurasa wa jarida ni ishu nyingine, maana ukishatoka haurudi. Leo uko hapa, miaka mitatu ijayo umeomba kazi ya ualimu Tabora, mkuu wa shule anaandika jina lako kwenye simu, stori yako ndiyo ya kwanza kutokea. Huenda kwako hiyo si noma. Lakini uwe umeliamua jambo hilo mwenyewe mchana kweupe, si saa nane usiku.

Hapo ndipo kazi ya kocha inapoanzia. Mwaka jana nilikaa na mmoja, dada aliyehitimu zamani kidogo na anayefanya kazi ya kuhariri. Nilikuwa na rasimu kuhusu muhula ambao nilishindwa kutoka chumbani, nikakosa test tatu na kudisko kukawa karibu sana. Kikao cha kwanza hakugusa hata koma. Aliuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia nyumbani wanajua niliugua tu. Akasema, "Basi mdogo wangu, hii isubiri. Mama asije akaipata kwa jirani." Rasimu ikakaa mwezi mzima, mpaka nilipompigia mama na tukaongea. Mhariri wa jarida aliyebanwa na tarehe ya kwenda mtamboni hana muda wa swali kama lile.

Kikao cha pili kilikuwa cha lugha. Rasimu yangu ilianza hivi: "Sonona ni tatizo kubwa linalowakabili vijana wengi nchini." Dada akauliza, "Jumanne ya wiki ile, uliamka saa ngapi?" Nikamweleza nilikuwa macho tangu alfajiri. Nasikia wenzangu wanakwenda kunywa chai, nasikia ndala zao zinaburuzika kwenye korido, na mimi hata kukaa kitako kitandani siwezi. Akaniambia niandike hayo.

Sonona ni neno sahihi, na daktari analihitaji. Ila wanachuo wengi hawajui kama walichonacho ndicho kinachoitwa hivyo. Mtaani tunasema "ana mawazo", tunasema mtu ana moyo mzito, au amechoka tu. Maneno haya yanabeba mengi na yanaficha mengi pia. Mwenye mawazo anaweza kuwa amekosa boom, na anaweza kuwa hajala siku tatu kwa sababu haoni maana ya kula. Kocha mzuri anakusaidia kusema ni yapi kati ya hayo, kwa vitu vinavyoonekana na kusikika. Anakusaidia pia kuona pale unapojitukana. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ni mahali watu wanapotibiwa, lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la kutaniana kwenye foleni ya kantini. Mtu akiandika "nilikuwa chizi wa Mirembe" kabla wengine hawajamwita hivyo, anayesoma naye amuulize kama kweli anataka jina hilo.

Kuna suala la tatu, na hili ndilo zito kuliko yote. Stori yako ina watu wengine ndani yake. Yule rumeti aliyekukuta sakafuni hakuomba kuwa mhusika. Baba ambaye unaandika kwamba alikunywea ada ana upande wake, na ana wadogo zako nyumbani. Halafu kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mimi natamani na chetu kiondoke. Lakini kikiwa bado kipo, kumhimiza mwanachuo wa miaka 20 aandike jambo hilo kwa jina kamili bila mtu wa kumweleza ni uzembe. Tena Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi wa habari unaotaka njia iliyotumika isielezwe, kwa sababu msomaji aliye kwenye hali hiyohiyo anaweza kuifuata. Mwandishi mwenye maumivu hawezi kutarajiwa ayakumbuke yote haya peke yake.

Sasa pingamizi. Moja ni kwamba kocha atalainisha stori mpaka isiwe yako. Hatari hiyo ipo kweli. Kuna wanaojiita makocha ambao kazi yao ni kukuandikia, na kukusukuma kila mara kwenye sehemu yenye machozi kwa sababu ndiyo inayosomwa. Dawa yake ni rahisi: soma rasimu kwa sauti mbele ya rafiki anayekufahamu. Akikuuliza "hili neno umelitoa wapi?" mara tatu, huyo kocha amekunyang'anya kalamu. Na akikuomba undani ambao umeshamwambia hutaki kuutoa, ondoka.

La pili ni watu na pesa. Hapa chuoni tunao walimu wa fasihi, tunao wahitimu, tunao wanachuo wa mwaka wa tatu ambao wenzao wanawapelekea ripoti wazisome kila muhula. Serikali ya wanafunzi inaweza kuchagua watano na kuwakalisha siku mbili na ofisi ya ushauri nasaha, wajifunze hasa jambo moja: kujua mahali kazi yao inapoishia. Mwandishi akianza kuzama katikati ya kazi, kocha afunge daftari, amsindikize kwa mshauri. Kutibu si kazi yake.

La tatu ni kwamba stori zitapungua. Ni kweli, zitapungua. Tulizozoea kupata kumi tutapata tatu au nne. Mimi nazichukua hizo nne, kwa sababu zitakuwa na ndala kwenye korido, na msomaji aliyejifungia chumbani atajiona ndani yake. Na wale sita waliobaki na daftari zao hawajashindwa kitu. Wameandika, na wameamua.

Kwa hiyo naiomba kamati ya uhariri mambo matatu. Tangazo la stori za Oktoba litoke Mei, ili muda wa kukaa na kocha uwepo. Mwandishi awe na haki ya kuiondoa stori yake bila kuulizwa sababu mpaka siku inapokwenda mtamboni, na achague mwenyewe kutumia jina lake au la. Na kila mwandishi ajulishwe ofisi ya ushauri nasaha ilipo na nani wa kumwona, kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Makocha wakichelewa kupatikana, wewe mwanachuo mwenzangu usingoje. Andika. Iache wiki mbili. Kisha mpe mtu mmoja unayemwamini, mwambie asisahihishe chochote, akuulize tu: nani hutaki asome hii, nani mwingine yumo humu, na je, mwakani utafurahi kwamba ilitoka? Ukiwa na majibu yako mwenyewe, tuma.