Mkongo Usiishie Sumbawanga Mjini

Siku hizi, kila unapodai mkongo wa mawasiliano ufike vijijini, hukosi kujibiwa kwamba umechelewa: zama za nyaya zimepita, setilaiti zitatuunganisha sote. Hoja hii humvutia mpanga bajeti kwa kuwa inamwondolea wajibu wa kuchimba mtaro. Nasema waziwazi kwamba ni hoja potofu, na kwetu Ufipa ni hoja ya hatari.

Tuwatendee haki wanaoitetea. Setilaiti za Starlink huzunguka takriban kilomita 550 juu ya ardhi, si kilomita 36,000 kama zile za kale, ndiyo maana mawasiliano yake hayachelewi sana. Zambia, jirani yetu upande wa Kalambo, iliipokea huduma hiyo mwaka 2023. Kwa mvuvi wa Kirando, au mwalimu aliye bondeni kando ya Ziwa Rukwa, huo ungekuwa msaada wa kweli. Tena Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, taifa lilionja ubaya wa kutegemea njia chache.

Hata hivyo, msaada wa dharura haugeuzwi kuwa sera. Uwezo wa setilaiti hugawanywa kwa watumiaji wote wa eneo moja; wakiongezeka, kasi hupungua. Setilaiti hizo hudumu takriban miaka 5, kisha sharti zirushwe nyingine. Mkongo ukishafukiwa hudumu kwa miongo. Ukihitaji kasi zaidi, unabadili mitambo ya ncha zake mbili, waya unabaki uleule. Hata mnara wa simu hutoa huduma bora zaidi unapounganishwa na mkongo. Anayesema tuache nyaya tutumie simu hajajiuliza sauti yake hupita wapi baada ya kufika mnarani.

Lipo pia suala la umiliki. Kwa miaka mingi Rukwa imewasha taa kwa umeme wa kutoka Zambia. Kwa kulitambua hilo, taifa limeanza kujenga njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Sumbawanga. Iweje tuukimbie utegemezi wa umeme, kisha tuukumbatie utegemezi wa taarifa? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwenye setilaiti hata si ndugu.

Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeshafika Sumbawanga. Kazi iliyobaki ni kuutoa mjini na kuufikisha kwenye kata. Nguzo za umeme wa REA zimesimama vijijini. Zibebe na mkongo. Kila barabara inayojengwa iwekewe bomba la kupitishia nyaya kabla lami haijamwagwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uhesabu shule na zahanati zilizounganishwa, usiishie kuhesabu minara. Setilaiti nayo itumike mahali ambapo mtaro hautafika kwa sasa, kama daraja la muda lenye tarehe ya mwisho.

Ewe mtumishi wa umma unayesoma haya, bajeti ya halmashauri yako inaandaliwa kila mwaka. Fungua kitabu chake utafute mstari wa mkongo. Usipouona, usiilaumu teknolojia. Uandike.