Sulhu ya Kongo na Mizani ya Dhahabu

Mwaka 2025 haukuwapa ndugu zetu wa mashariki ya Kongo hata mwezi mmoja wa amani, kwani mwishoni mwa Januari wapiganaji wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa wanasaidiwa na Rwanda, ingawa Kigali inakana, waliingia mji wa Goma, na katikati ya Februari mji wa Bukavu nao ukaanguka. Baina ya misiba hiyo miwili, tarehe 8 Februari, wakuu wa Afrika Mashariki na wa Kusini walikutana Dar es Salaam wakaamuru silaha ziwekwe chini. Amri haikutiiwa, na mwezi uliofuata SADC, jumuiya ya nchi za Kusini, ikayaondolea idhini majeshi yake yaliyokuwa Kongo, walimokuwamo vijana wetu wa Tanzania. Kisha zikaja sahihi za Washington tarehe 27 Juni, baina ya Kongo na Rwanda, za Doha tarehe 19 Julai, baina ya Kongo na M23, na za Washington tena tarehe 4 Desemba, safari hii mbele ya marais wa Kongo na Rwanda wenyewe. Na juma halijatimia, mji wa Uvira ukatekwa na M23, maelfu wakakimbilia Burundi.

Mikataba ya Washington haikuyasahau madini, lakini naona iliyatazama kwa jicho la mnunuzi mkubwa, ilhali vita hulishwa na ushuru unaotozwa shimoni na njiani. Madini ya koltani ya Rubaya, hukohuko mashariki ya Kongo, yamo mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024, na wataalamu haohao wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa yaliwapatia wapiganaji hao dola 800,000 hivi kila mwezi. Mwenye hazina kama hiyo hana haraka ya sulhu.

Sisi wa Bulyanhulu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tanzania, tuna la kusema hapa, madhali twajua jinsi jiwe litokavyo duarani, yaani shimoni, likapita kwenye karasha ya kulisaga na mwaloni linakooshwa hadi mkononi mwa mnunuzi, na kwamba dhahabu ikishayeyushwa hakuna jicho liwezalo kutambua asili yake. Fauka ya hayo, barabara ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo yapita kwetu Kahama, hivyo madini ya vita nayo yaweza kupita humo. Masoko ya madini, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, yameleta uzani na bei hadharani, nayo ni neema kubwa kwa mchimbaji mdogo. Tanzania ni mwanachama wa jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, yenye cheti cha asili ya madini kinachohusu dhahabu pia. Basi nataka asili ya kila gramu iulizwe mizanini kwa ukali uleule tunaoutumia kudai mrabaha.